Aliyeshinda Kesi ya Taa

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, wa nyuma wasije wakasema hawakusikia. Ramadhani imeshatupigia hodi, na mimi leo sitawasomesha namna ya kutia nia wala wakati wa kula daku. Hayo mnayajua, na aliyesahau atamwuliza mkewe. Leo nataka kuwapa habari za bwana mmoja aliyeuza baiskeli kwenye simu. Msianze kugeuka mkaangaliana. Si wa mtaa huu. Nimemtunga mimi mwenyewe, kwa hiyo ukiona amefanana na jirani yako, hiyo ni shauri yako na jirani yako.

Bwana huyo alikuwa fundi cherehani. Mtu wa swala tano, mpole, ana kibanda chake kando ya barabara inayoteremka kutoka mlimani kuingia mjini. Barabara za milimani mnazijua: ukipanda unahema, ukishuka unaomba Mungu. Alikuwa na baiskeli kuukuu, zile nzito za keria pana, na siku moja baiskeli ile ikamkatikia shingoni. Wenye baiskeli wananielewa. Nasema pale mbele, chini ya usukani, fremu inapokutana na foki. Uzito wako wote unapita pale. Pakikatika mahali pengine utaanguka ubavu, utajipangusa vumbi na kwenda zako. Pakikatika pale ukiwa kwenye mteremko, unatangulia na uso.

Bahati yake siku hiyo alikuwa tambarare, anaikokota ina mzigo wa vitambaa. Akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Yule akaiunganisha, na kabla hajamkabidhi akamwambia neno la uaminifu.

"Fundi mwenzangu, hii nimeishikisha tu. Itembelee hapa chini kwenye tambarare. Mlimani usiipeleke, na mtu nyuma usimpakie."

Fundi wetu akaitikia vizuri, akashukuru, akaondoka. Na tangu siku ile hakuipanda tena. Nawaomba mpashike hapo: yeye mwenyewe hakuipanda. Aliiegemeza ukutani nyuma ya nyumba, akawa anaenda kwa miguu, na watu wakimwuliza anasema daktari amemshauri atembee.

Halafu ikamjia fikra ya kuiuza. Si dhambi kuuza. Alikuwa kwenye kundi moja la simu, yale makundi ya kuuza na kununua, ambamo asubuhi mtu anatangaza kabati, mchana mwingine anatangaza mbuzi, na jioni wote wanatumiana dua. Akainunulia baiskeli rangi nyeusi ya kupuliza, akaipaka mwili mzima. Pale shingoni akazungushia utepe wa nailoni, kijani na mweupe, kama wafanyavyo vijana wanaopenda kupamba. Ikapendeza! Ungeiona ungedhani inakwenda Maulidi.

Akataka kuipiga picha, mkono ukasita. Akafungua simu yake akatafuta picha ya zamani, ya kabla haijakatika, shingo nzima, chuma kitupu, inang'aa. Katika picha hiyo baiskeli ilikuwa bado na taa yake mbele, taa nzuri ya dinamo, ambayo baadaye aliiondoa akampa shemeji yake. Akaituma picha ileile, na chini yake akaandika: "Baiskeli imara, imetunzwa na mtu mmoja. Inauzwa." Kisha akakumbuka kwamba yeye ni mcha Mungu. Akaongeza mstari wa mwisho: "Taa inayoonekana kwenye picha haimo."

Mnamwona binadamu? Taa ameisema.

Akatokea mnunuzi, mtu wa shamba, anakaa kule juu mlimani na mama yake mzee. Mama mwenyewe miguu imemchoka, na kila baada ya muda inabidi ateremshwe zahanati kupimwa presha. Mnunuzi akafika kibandani kwa fundi, akaizunguka baiskeli, akabonyeza matairi, akapiga kengele, akaushika ule utepe.

"Mashallah! Umeipamba hivi?"

"Nimekupambia," akasema fundi.

"Iko vizuri lakini, fundi? Maana mama ndiye atakuwa abiria wangu mkubwa. Nataka kumpakia huku nyuma."

Fundi akaangalia cherehani yake. Akasema, "Si ndiyo hiyo unayoiona?"

Jibu hilo lichambueni mpendavyo, hamtakuta uongo ndani yake hata punje. Ndiyo hiyo anayoiona! Kisha fundi akanyanyua mikono akaomba dua: "Mwenyezi Mungu awafanyieni wepesi, wewe na mama." Mnunuzi akaitikia amin, akatoa chake, akaondoka anaikokota kupanda mlima, anafurahi kama bwana harusi.

Haya. Siku ile haikuisha. Alasiri simu ya fundi ikaita, naye akaona ni yule mnunuzi. Hakuipokea. Ikaita tena. Akaifunika kwa kitambaa, na kitambaa kikawa kinatetemeka. Mara ukaingia ujumbe, tena si kwake peke yake, umetumwa kundini, mbele ya watu wote: "Jihadharini na fundi cherehani wa barabarani. Ameniuzia baiskeli kwa utapeli."

Ameona, fundi akasema moyoni. Ameona shingo. Akaanza kupanga maneno: nitasema sikujua, nitasema ilichomelewa na aliyekuwa nayo kabla yangu. Jasho linamtoka, na koti la mteja liko kwenye cherehani, sindano imeishia katikati ya kola. Simu ikaita mara nyingine, na safari hii akaipokea kwa sauti ya mtu mgonjwa.

"Fundi, taa iko wapi?" mnunuzi akafoka.

"Nini?"

"Taa! Taa ya mbele! Kwenye picha ipo, nimefika nyumbani ndipo naona haipo. Unanifanya mimi mjinga?"

Fundi wetu akacheka. Alicheka mpaka machozi, akapiga paja, akasema alhamdulillahi kwa sauti. Ni taa tu! Ndugu zangu, mmewahi kushtakiwa kwa jambo ambalo hamkulifanya, wakati lile mlilolifanya limekaa kimya pembeni? Hakuna raha kama hiyo duniani. Mtu anasimama wima, kifua mbele, anasema leo nitawaonyesha mimi ni nani.

Akaingia kundini. Akaliweka tangazo lake tena, akauzungushia alama nyekundu mstari ule wa mwisho. Kisha akaandika waraka mrefu. Aliandika juu ya kumwogopa Mungu katika biashara. Aliandika juu ya watu wanaochafua majina ya wenzao pasipo ushahidi, na namna ulimi utakavyosimamishwa siku ya kiyama. Aliandika, nawaambieni, mpaka mimi sheikh wenu ningeona wivu! Na kila alichokiandika kilikuwa kweli.

Kundi lile lilikuwa na msimamizi wake, mama mmoja mkali mwenye duka la vyombo, hapendi fujo. Akasoma pande zote, akatoa hukumu. "Tangazo limesema taa haimo. Mnunuzi hukusoma mpaka mwisho. Mwombe fundi radhi hapa hapa, la sivyo nakutoa."

Mnunuzi akasoma upya tangazo, akaona aibu. Akaandika: "Nimekosa. Sikufika mstari wa mwisho. Fundi nisamehe, na ndugu zangu wa kundi nisameheni." Watu wakampongeza fundi. Wakamwita Fundi Mwaminifu, na jina likakaa. Tena, kwa kuwa msimu wa kanzu ulikuwa unakaribia, wengi wa kundi lile wakaamua kanzu zao za Idi awashonee yeye, mtu mkweli kiasi kile. Vitambaa vikajaa kibandani hadi akakosa pa kuweka mguu.

Je, alitulia?

Siku chache baadaye yuko mashineni, akasikia mlio wa breki, ule mlio wa mpira mkavu unaosugua rimu. Akainua uso. Mnunuzi huyo anashuka mlima. Nyuma kwenye keria amekaa mama mzee, ubavu, miguu imening'inia upande mmoja, mkono mmoja umeshika tandiko, mkono mwingine umeshika kadi ya zahanati kifuani. Utepe wa kijani na mweupe unapepea shingoni. Mnunuzi akamwona fundi, akakumbuka ile aibu, na kwa kutaka kupatana akaachia usukani mkono mmoja akampungia.

"Fundi! Asalaam alaykum! Mama, ndiye huyu aliyetuuzia!"

"Mungu akuweke, baba," akasema yule mama kwa sauti nyembamba, na wakapita.

Fundi alitaka kupiga ukelele, shika usukani, shuka, shukeni wote wawili! Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini kibandani walikuwepo wateja wanapimwa kanzu, wanamwangalia. Akasema, "Wa alaykum salaam." Akawasindikiza kwa macho hadi wakapinda kona ya chini, na hata walipopotea hakukaa. Alibaki amesimama, anasikiliza. Anasikiliza kishindo. Alipokaa akashona mkono wa kulia wa kanzu mahali pa mkono wa kushoto.

Toka siku hiyo starehe ilimkimbia. Kila kengele ya baiskeli inamnyanyua. Akageuza kiti ili aipe barabara mgongo, ikawa mbaya zaidi, maana sasa haoni na masikio hayalali. Sindano zinavunjika. Chakula anakisukuma. Mkewe akamwambia, "Bwana wee, una nini? Mbona kama mtu anayengoja kuitwa?" Akasema ni kazi nyingi. Mkewe akaangalia zile kanzu zilizolundikana akaamini, kwa muda.

Nanyi mtaniuliza, sheikh, si angesema tu? Mwenzangu, alitaka kusema! Kila asubuhi aliamka na nia hiyo. Lakini hesabuni naye. Akisema leo, ile kesi ya taa itafumuka yote. Watu wataisoma upya ile hotuba yake ya kumwogopa Mungu, na safari hii watacheka. Fundi Mwaminifu! Na zile kanzu? Kila kipande cha kitambaa mle kibandani kililetwa na jina lile. Angeshindwa tu kesi siku ya kwanza, angerudisha alichopokea, yakaisha kwa aibu ya saa moja. Ushindi ndio uliomfunga. Alishinda kesi ya taa, na mlango wa kutokea ukajifunga nyuma yake.

Akaingia kwenye ibada. Hapo msimcheke, maana na sisi ndipo tunapokimbilia. Akazidisha sunna, akazidisha istighfari, akakaa msikitini hadi mwadhini akawa anamwomba apishe afagie. Anamwambia Mola wake, nisamehe. Na sisi tumefundishwa tangu tukiwa watoto wa chuoni, tumekaa mkekani na kibao: yaliyo baina yako na Mwenyezi Mungu, mlango Wake u wazi. Lakini haki ya mja iko mkononi kwa mja. Atakayekupa radhi ni yule uliyemdhulumu. Fundi alilijua hilo. Ndiyo maana kila akitoka msikitini anatoka na mzigo uleule aliouingiza.

Basi ukaja mwisho wa Shaaban, siku kama hizi zetu. Na mnajua desturi yetu siku hizi. Simu zinalia, watu wanaombana radhi. Zamani mtu alifunga safari, alibisha hodi, alikaa mkekani, alitafuta maneno, na jasho linamtoka. Sasa tuna ujumbe. Una picha ya mwezi, una maua, una maneno mazuri aliyoyatunga mtu tusiyemjua: "Ramadhani inakaribia. Kama nimewahi kukukosea kwa kujua au kutojua, nisamehe duniani na akhera." Unabonyeza, unawafikia wote. Bosi, mashemeji, kundi la kuuza na kununua, hata yule unayemnunia mnapokutana dukani umo naye humo!

Fundi alipoupokea ujumbe huo kutoka kwa mtu, moyo ulimruka. Hii ndiyo njia! Akautuma kundini, ulivyo, na mwezi wake na maua yake. Akakaa ameishika simu kwa mikono miwili. Majibu yakaanza kumiminika. Amin. Umesamehewa, Fundi Mwaminifu. Na wewe utusamehe. Mwishowe likaja jibu alilokuwa analingoja, la yule mnunuzi: "Fundi, nimekusamehe duniani na akhera. Nawe nisamehe mambo ya taa."

Akamwita mkewe, akampa simu asome. "Unaona? Nimeomba radhi, na watu wote wamenipa."

Mkewe akasoma taratibu, mwanamke asiye na haraka. "Umeomba radhi ya nini?"

"Ya jumla."

"Ya jumla." Akaweka simu juu ya lundo la kanzu. "Mume wangu, mteja akikuletea kanzu iliyochanika, akakwambia fundi nishonee kwa jumla, hataki kukuonyesha palipochanika, sindano utaiweka wapi?"

Mkewe akamtazama usoni. "Ni ile baiskeli, siyo? Iliyokatika. Nilidhani umeiuza kwa watu wa vyuma chakavu."

Fundi alivaa viatu, akaacha kibanda wazi na wateja wamekaa, akapanda mlima kwa miguu. Alipanda kwa pupa, anajikwaa, anahema, anasema maneno yake kwa sauti kama mtu anayejifunza shairi: shingo imechomelewa, nilikuficha, mshushe mama. Kila baiskeli iliyomshukia aliitupia jicho shingoni. Wapandaji wakamshangaa.

Alimkuta mnunuzi uani kwake anamenya mihogo. Mama yake amekaa kivulini, mzima, anachambua mchele. Fundi alipomwona yule mama, machozi yakamtoka hapohapo. Hakungoja kukaribishwa kiti.

"Ndugu yangu, ile baiskeli shingo yake ilikatika. Nikaichomelesha, nikaipaka rangi, nikaizungushia utepe usione. Na niliambiwa asipakiwe mtu. Nilijua. Ulipotaja mama, nilijua."

Mnunuzi akaendelea kumenya. "Naelewa," akasema.

"Huelewi! Nasema ingekatika..."

"Fundi, naelewa. Ilinyesha mvua, utepe ukalegea, nikaufungua niufunge vizuri. Nikaliona kovu la chuma. Nilimshusha mama yangu siku ileile."

"Mbona hukunipigia simu?"

Mnunuzi akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Nikupigie? Baada ya taa? Au niandike kundini? Wangesema huyu jamaa juzi taa, leo shingo, kesho atadai kengele. Mimi si ndiye mwongo wa kundi na wewe ndiye mwaminifu? Nani angenisikiliza?"

Fundi akainamisha kichwa. Kisha akakiinua, maana likamjia tumaini. "Basi nipe. Nirudishie baiskeli, nami nakurudishia chako chote sasa hivi. Nitaivunja kwa mikono yangu. Iko wapi?"

Hapo kisu kikasimama juu ya muhogo.

"Nimeiuza," akasema mnunuzi.

"Umeiuza! Kwa nani?"

"Gulioni. Simjui. Mwanamke mmoja ana mtoto mgongoni, alisema anataka ya kupelekea maziwa mjini."

"Ulimwambia?"

Mnunuzi hakumtazama. "Niliizungushia utepe mpya. Mwekundu. Ule wako ulikuwa umeshapauka." "Akaniuliza, iko vizuri? Nikamwambia, si ndiyo hiyo unayoiona."

Yule mama kivulini aliacha kuchambua mchele. Amewasikia wote wawili.

Fundi akapiga magoti palepale kwenye maganda. "Nisamehe. Nisamehe mimi, basi, kwa hili nililolitaja. Si kwa jumla."

"Fundi, inuka," akasema mnunuzi, na sauti sasa inamkatika. "Mimi nikusamehe nini? Mimi siko juu yake tena. Radhi unayoitafuta imeondoka na ile baiskeli. Iko kwa yule mwanamke. Nami pia ya kwangu iko huko huko. Nilimshusha mama yangu, nikampandisha mama wa mtu."

Wakatazamana. Muuzaji na mnunuzi, mdai na mdaiwa, waliobishana mbele ya kundi zima juu ya taa. Wakatoka mbio pamoja, wote wawili, hawakufunga hata lango.

Mnasubiri niwaambie kama walimpata. Naona mnavyonitazama. Wa pale nguzoni ameshaacha kusinzia. Nikisema walimpata, mtashusha pumzi, mtasema alhamdulillahi, mtaanza kuvitafuta viatu vyenu. Nikisema hawakumpata, mtasikitika kidogo, mtasema maskini, na viatu mtavitafuta vilevile. Sisemi. Nawaacha barabarani, wanasimamisha kila baiskeli yenye maziwa, wanashika shingo za baiskeli za watu, wanatukanwa. Wakikusimamisha na wewe usiwatukane. Teremka, waonyeshe.

Sasa tuje kwetu sisi.

Sisi ni hodari wa kesi za taa. Au nasema uongo? Kuna mume humu anamgombeza mkewe kwa mchuzi ulioungua, na mchuzi kweli umeungua, haki ni yake, nyumba nzima imekubali. Lakini kuna ndoa nyingine ameifunga mtaa wa pili, na huyu mke anapika akiwa hajui. Kuna kaka alimshinda dada yake juu ya vyombo vya marehemu mama yao, akaleta mashahidi, akashinda, na vyombo kweli alivinunua yeye. Dada akaomba radhi. Je, ule mnazi wa mama, lile shamba la mama, dada ameambiwa kwamba vilishauzwa? Tunashinda yale madogo kwa sauti kubwa, na kadiri tunavyoshinda, yule tuliyemshinda anazidi kukosa mdomo wa kulisemea lile kubwa. Akiona kwamba mdomo hana, ndugu zangu, hatakuja kwetu kulalamika. Atafanya tulivyofanya. Atatafuta utepe wake naye atampa mwingine. Dhuluma tuliyoifunga vizuri haikai kwa mtu mmoja. Inauzwa mbele, inauzwa mbele, mpaka inafika kwa mama mwenye mtoto mgongoni ambaye hatukuwahi hata kumsalimia.

Na tunafikiri tutaizima kwa picha ya mwezi na maua!

Leo nasema hivi. Kabla hujautuma ule ujumbe wako wa kwenda kwa watu wote, kaa kitako, mtaje mtu mmoja. Mmoja tu, kwa jina lake. Kisha taja jambo, mahali penyewe palipokatika, ukitumia maneno yasiyo na ujanja. Usipoweza kulitamka peke yako chumbani, basi jua hata radhi hujaanza kuiomba. Na ukiweza kulitamka, usilitume. Lipeleke kwa miguu. Lipeleke ukiwa ungali unajua anakokaa, kwa sababu haki ya mtu nayo inahama. Mtu anafariki, mtu anahama mji, mtu anaiuza gulioni kwa asiyemjua, nawe unabaki unazunguka duniani na radhi yako mkononi, huna wa kumwomba.

Najua pia mtakachofanya nikinyamaza. Mtajipanga mlangoni mnipe mkono. Sheikh niwie radhi, sheikh nisamehe, Ramadhani hiyo. Leo mkono sitoi. Hamkunikosea mimi! Ni rahisi kuniomba mimi, ndiyo maana mnapenda kuniomba. Mkono huo una mwenyewe, na mwenyewe hayumo msikitini humu. Huenda hivi ninavyosema ameshayafunga madumu yake ya maziwa kwenye keria, amemkaza mtoto mgongoni, ameshika usukani, mteremko uko mbele yake, na hajui.

Dua nitaiomba mimi hapa peke yangu. Nyinyi inukeni mkamwahi.